Kutunza na kuchunga

Msimu wa korosho ukifika, wakulima wa Ruangwa na Nachingwea huuza kwa mnada kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na malipo huingia benki. Hapo ndipo kitenzi "kutunza" huanza kupotoshwa. "Kadi ya mke wangu namtunzia mimi," husema mume. Namba ya siri anayo yeye, na simu ya mke huikagua kila jioni. Huko si kutunza, ni kuchunga, na wanaochungwa ni mbuzi. Kinachotunzwa kina mwenyewe, naye akikitaka hupewa bila kuhojiwa. (Wapo na wake wanaowachunga waume, tusijifanye hatuwajui.)

Anayechunga atajitetea kuwa ni wivu wa mapenzi. Mwenye wivu huuliza, hununa, kisha yanaisha. Mchungaji hutoa ruhusa: ya kwenda sokoni, kwa shoga, hata kwa mama mzazi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki na kuuza mali. Cha 66 kinakataza kumchapa mwenzi. Ukichungwa, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi. Nenda.