Spika kubwa za nyumbani: za zamani au za kisasa?

Spika kubwa za kusimama sakafuni, zile za bei ya juu zinazonunuliwa kwa ajili ya kusikiliza muziki nyumbani, huuzwa kwa jozi. Jozi moja mpya inaweza kuzidi bei ya gari lililotumika, na ikiharibika moja, ile iliyobaki hukosa soko. Makala hii inalinganisha za zamani na za kisasa kwa ajili ya anayenunua ili auze, na kwa ajili ya anayebeba mzigo wa mwenzake.

Mfano wa kiwanda kimoja

Bowers & Wilkins ya Uingereza ilitoa spika ya 801 mwaka 1979, na studio za Abbey Road za London zikaitumia katika kazi za kurekodi. Toleo la 801 D4 lilitoka mwaka 2021, likauzwa Marekani kwa dola 35,000 kwa jozi. Ya kwanza ilikuwa na spika moja kubwa ya besi ndani ya boksi pana. D4 ina mbili za milimita 250 kila upande, boksi lililopindwa lenye mbavu za kulikaza kwa ndani, na twita ya almasi, teknolojia ambayo kiwanda hicho kilianza kuitumia mwaka 2005. Boksi likikazwa halitikisiki ovyo, hivyo sauti ya mwimbaji hutoka safi bila kuvuma.

Hata hivyo, mpya si bora kwa kila mteja. Jambo la kwanza kuuliza ni amplifaya aliyonayo. Klipschorn ya Marekani, iliyobuniwa mwaka 1946 wakati amplifaya zilikuwa na nguvu kidogo, hutoa desibeli 105 kwa wati 1 kwa maelezo ya kiwanda. D4 hutoa desibeli 90. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai wati mara mbili, kwa hiyo tofauti hiyo ya 15 ni nguvu zaidi ya mara 30 kwa sauti ile ile. Aidha, D4 imeandikwa omu 8 lakini hushuka hadi omu 3, na amplifaya dhaifu hapo hupata joto na kuzima. Mteja asipoambiwa haya mapema, atarudisha mzigo akidai ni mbovu.

Kinachooza katika za zamani

Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ukingo wa sponji unaoshika koni. Sponji hiyo huwa unga baada ya miaka 15 hadi 20, na joto na unyevu huharakisha. Ibonyeze taratibu kwa kidole: ikikatika au kuacha vumbi, hesabu gharama ya fundi kabla ya kutaja bei. Ukingo wa mpira au kitambaa hudumu zaidi. Pili, kapasita za ndani hukauka, na upande mmja huanza kutoa sauti hafifu kuliko mwingine. Tatu, twita iliyoungua haionekani kwa macho, hivyo sikiliza kila spika peke yake. Mwisho, soma namba zilizobandikwa nyuma ya kila boksi. Zikiwa mbali sana, huenda hiyo si jozi ya kiwandani.

Kwa upande wa za kisasa, chunguza kama zina amplifaya ndani, mfano KEF LS60 ya mwaka 2022. Hizi hazihitaji mashine ya pembeni, ila zinategemea umeme na programu, na kifaa cha ndani kikifa huhitaji kipuri cha kiwanda chenyewe. Spika ya kawaida isiyo na umeme wake huweza kutengenezwa na fundi mzuri hata baada ya miaka 40.

Mbao za boksi na sheria

Baadhi ya maboksi ya zamani yamefunikwa kwa mbao ya Brazil iitwayo Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu. Mti huo uko katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES tangu mwaka 1992. Gamba jembamba tu linatosha mzigo kuzuiwa mpakani, hata kama spika ilitengenezwa zamani. Mwuzaji apate kwanza cheti cha mamlaka ya CITES ya nchi yake kinachothibitisha kuwa mbao ilivunwa kabla ya mkataba kuihusu. Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba huo.

Forodhani, boksi lenye spika zaidi ya moja huingia katika namba 8518.22, iwe jipya au lililotumika. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huanzia kwenye bei iliyolipwa kweli, hivyo tunza ankara na risiti ya benki. Bei ndogo isiyo na karatasi hukaribisha makadirio ya afisa.

Kwa msafirishaji

D4 moja ina uzito wa kilo 100.6 bila kasha lake. Kwa hiyo jozi inahitaji paleti, mikanda na watu wanne wa kushusha. Za zamani ni hatari kwa namna nyingine: gundi ya sumaku imechoka, na mshtuko mmoja unaweza kuisogeza sumaku hadi koni ikwame. Piga picha kabla ya kupakia, mbele ya mwenye mali. Bima nayo iandikwe kuwa spika mbili ni jozi moja, la sivyo ikivunjika moja utalipwa nusu, na nusu iliyobaki haitapata mnunuzi.