Mbuzi, Leso na Kikapu cha Kerio

Vikapu vya mkoma wanavyosuka akina mama wa Turkana, kuanzia Kerio hadi Kakuma, hufika kwenye maduka ya watalii Nairobi, na vingine huwa vimefungiwa kikaratasi mpinini. Vingi vya vikaratasi hivyo havisemi neno kuhusu kikapu. Vinasema msusi ni mjane, kwao kuna ukame, na ukinunua utakuwa umewalisha wanawe. Mteja analipa, kikapu kinaishia juu ya kabati, na mwaka unaofuata hanunui kingine. Ameshasaidia.

Hadithi hiyo haikuzaliwa sokoni, ilitoka kwenye mchango. Julai 2011, baada ya picha za njaa kutoka Turkana kujaa kwenye runinga, kampeni ya Kenyans for Kenya iliomba shilingi milioni 500, na Wakenya wakalivuka lengo hilo, wengi wakituma kidogokidogo kwa M-Pesa. Hapo hadithi ilisimuliwa mahali pake: watu walikuwa na njaa na chakula kilitakiwa upesi. Tatizo ni kuivika bidhaa nguo ya msaada. Mtoa msaada hapimi alichopewa, mnunuzi hupima.

Na Waturkana wanajua kupima. Nenda mnada wa mbuzi, Lodwar au Kakuma, usikilize. Muuzaji ana maneno mengi, lakini yote ni ya mbuzi: mama yake huzaa pacha, kiangazi kilichopita alikivuka bila kudhoofu, katoka kwenye kundi la fulani. Mnunuzi anasikiliza huku mkono uko kazini. Anabinya uti wa mgongo kutafuta nyama, anafunua mdomo atazame meno, anakagua alama ya mwenye mali, iwe ya kuchomwa au ya kukatwa sikioni. Kila sentensi ina mahali pa kuihakikishia.

Tena mnyama ana historia ya watu. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika The Family Herds cha mwaka 1955, alieleza jinsi Waturkana wanavyofunga urafiki kwa kupeana mifugo: leo nakupa dume, kesho nikipatwa na janga nakuja kwako. Anayesimulia asili ya ng'ombe anataja pia nani anamdai nani. Akidanganya, habari zitamtangulia kisimani.

Ukishuka Mombasa, mambo yanageuka. Biashara Street, ambako jina la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, limehusishwa na leso tangu 1887, mwanamke huikunjua leso, husifu rangi, kisha huuliza: inasemaje? Bila jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, leso ni kitambaa tu. Na muuzaji hasimulii mengi. Hajui kama maneno yale yatavaliwa mbele ya mke mwenza, yatapelekwa kwa mkwe, au yatamfumba mdomo jirani anayechungulia. Hadithi ya mbuzi iko nyuma yake. Ya leso huanza baada ya pesa kulipwa, na mwenye kuimaliza ni mteja. Naona hapo pana ufundi mkubwa kuliko wa matangazo mengi ya redio, ambayo humaliza kila kitu na kumwachia msikilizaji kazi ya kuduwaa.

Kikaratasi cha kikapu kimekosa yote mawili. Hakina asili unayoweza kuikagua kwa vidole, wala hakimwachii mnunuzi nafasi ya kuingiza maisha yake.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma imewahi kubadilishiwa hadithi ya namna hii. Tangu ifunguliwe 1992 ilizoeleka kusimuliwa kama foleni ya mgao. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, likaisimulia, pamoja na mji jirani, kama soko: zaidi ya biashara 2,000, matumizi ya takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Wenye maduka walikuwepo tangu zamani, wakiuza unga na vocha za simu. Kilichobadilika ni aliyelengwa na hadithi. Ya mgao iliandikiwa wafadhili, hii iliandikiwa wawekezaji.

Mwenye duka la Nairobi ataniambia kwamba machozi yanauza, na hadanganyi. Yanauza kikapu cha kwanza. Sina ugomvi na mjane kutajwa, ugomvi wangu ni na mwandishi wa kikaratasi, ambaye hajawahi kupasua jani la mkoma maishani mwake. Msusi wa Kerio akipewa kalamu sidhani ataanza na ukame. Ataanza na jani: limekatwa likiwa changa, likakaushwa, likapasuliwa nyuzi nyembamba, likaloweshwa lisivunjike vidoleni. Atakuambia vuta hapa mpinini, kwa nguvu. Kisha atataja bei, na mjadiliane.