Data rejea za mwasho wa macho
Fundi anayekoroga saruji Paya, wilayani Tororo, akirukiwa na tope lake jichoni hahitaji maabara ili ajue kuwa linauma. Anayeandika onyo kwenye mfuko ndiye anayehitaji kujua zaidi: jicho litawasha kisha lipone, au litapofuka? Jibu lake linategemea data rejea, yaani matokeo yaliyokwisha kuchunguzwa na kukubaliwa, ambayo kila kipimo kipya hulinganishwa nayo. Ninapotafsiri "reference" ya Kiingereza nachagua "rejea" kwa sababu msomaji anakijua kitabu cha rejea. "Data za kumbukumbu" zingemfanya afikirie majalada kabatini.

Nyingi ya data hizo zilitoka kwa sungura. Mwaka 1944 John Draize na wenzake wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walichapisha utaratibu wao: jicho moja linatiwa mililita 0.1 ya kemikali, la pili linaachwa kwa kulinganisha. Kisha mtu anatazama na kutoa alama: konea, kile kioo cha mbele, hadi 80; irisi 10; utando wa ndani ya kope 20. Jumla 110. Tatizo liko katika kutazama. Mwaka 1971 Weil na Scala walionyesha kuwa maabara mbalimbali, zilipopewa kemikali zile zile, zilitoa alama zilizopishana mno. Tena jumla inaficha mambo: haisemi kama kilichoumia ni konea au kope tu, wala kama kidonda kilipona.

Ndiyo maana mkusanyiko uliotolewa mwaka 2017 na Cosmetics Europe, chama cha kampuni za vipodozi za Ulaya, wenye kemikali zaidi ya 600, unaonyesha ni dhara lipi hasa lililoipa kila kemikali daraja lake la hatari. Kwa kazi hiyo, vipimo visivyotumia wanyama hai, kama vile konea za ng'ombe kutoka machinjioni, vinaweza kujaribiwa kwa haki. Kipimo kikisema salama pale rejea inaposema upofu, hakifai. Sungura hao walikwisha kuteseka; kuyatumia vizuri matokeo yao ni wajibu wetu.

Saruji mbichi haihitaji sungura hata mmoja. pH yake hupita 12, na mwongozo wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, unakihesabu kitu chenye pH ya 11.5 au zaidi kuwa kinaweza kuumiza jicho vibaya hata kabla ya kujaribiwa. Alkali huyeyusha mafuta ya utando wa seli na kuzidi kupenya ndani, ilhali asidi nyingi hugandisha protini, na mgando huo ukazipunguzia njia. Kwa hiyo jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kabla ya safari ya hospitali.

Hapo tafsiri ya onyo inagusa uhai wa jicho. Katika mfumo wa kimataifa wa lebo, mwasho hupona ndani ya siku 21. Kinachobaki baada ya hapo ni uharibifu mkubwa wa jicho. Mfuko wa saruji unaouzwa Tororo, Malaba au Busia usiandikwe "huwasha macho". Uandikwe "huharibu macho".