Tuzo za Shule na Waalimu: Tangu Kongwa hata Leo

Wazee husema, chanda chema huvikwa pete. Mithali hii ni ya kweli, walakini yatuachia swali: ni nani ahukumuye wema wa chanda, na kwa kipimo gani? Maana kidole gumba hakivikwi pete, nacho ndicho kishikacho mpini wa jembe. Ndugu wasomaji, leo nataka kueleza habari za tuzo ambazo shule na waalimu wamepewa au wamenyimwa, hasa katika nchi yetu ya Ugogo, ili tutambue ni tuzo ipi ijengayo shule.

Mwaka 1913 Misheni ya C.M.S. ilifungua Chuo cha Huron huko Kongwa, kusudi wenyeji wafundishwe kazi ya ualimu. Muda si muda Vita Kuu ya Kwanza ikazuka. Waalimu wengi wa misheni walikamatwa na Wajerumani, wakafungwa minyororo, wakapelekwa Tabora, kwa kuwa walidhaniwa kuwasaidia Waingereza. Tabora ilipotekwa mwaka 1916 walifunguliwa. Na mara ikaingia njaa ya Mtunya, iliyoisumbua Ugogo tangu 1917 hata 1920, ikaua watu wengi mno. Hata hivyo mafundisho yalianza tena. Hiyo ndiyo mizizi ya shule zetu, na waliopanda hawakupewa nishani.

Chini ya Waingereza ilitungwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1927. Kwa sheria hiyo Serikali ilitoa fedha za kusaidia shule za misheni zilizotimiza kanuni zake, yaani zenye waalimu wa vyeti na zilizokubaliwa na wakaguzi. Msaada ule ulikuwa mwema, ukainua kazi. Lakini shule ndogo za vijijini, ambamo katekista aliwafundisha watoto herufi chini ya mti au katika kanisa la udongo, hazikupata kitu. Basi fedha ziliwafuata wale waliokwisha kuwa na kitu, na yule aliyeanza na mikono mitupu akabaki vile vile.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Afrika tu. Huko Uingereza, mwaka 1862, Serikali iliamuru kwamba fedha za shule zitategemea mahudhurio ya watoto, na jinsi kila mtoto atakavyofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Ikawaje? Waalimu wengi walikaririsha watoto kitabu kimoja mpaka wakakijua kwa moyo, na masomo yasiyohesabiwa yakadharauliwa. Katika miaka ya 1890 desturi hiyo ikaachwa.

Sasa tuje katika siku zetu. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikapangwa kwa daraja kufuata mitihani. Mwezi wa Mei mwaka 2014, katika Wiki ya Elimu mjini Dodoma, tuzo zilitolewa mbele ya Rais Jakaya Kikwete. Katika mpango huo shule zilizoongoza zilitambuliwa, na pamoja nazo shule zilizopanda kuliko zilivyokuwa mwaka uliotangulia. Hilo la pili lilikuwa jambo la busara, maana shule iliyotoka chini kabisa ikafika katikati imefanya kazi kubwa, ijapokuwa jina lake haliko juu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 2013 na 2014, shirika la Twaweza lilifanya jaribio liitwalo KiuFunza katika shule 350 za msingi. Shule nyingine zilipewa fedha za vifaa tu. Nyingine waalimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio. Na nyingine zilipewa yote mawili. Wataalamu walipopima, waliona kwamba fedha za vifaa peke yake hazikuongeza elimu ya watoto, na tuzo peke yake ilileta faida ndogo isiyo ya hakika. Bali pale vifaa na tuzo vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi. Mkulima haambiwi alime sana huku amenyimwa jembe, wala hapewi jembe akaachwa bila tumaini la mavuno.

Kisha, mwezi wa Januari mwaka 2023, Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa sababu haifai kuwalinganisha watoto waliosoma katika hali zisizolingana. Naona walisema kweli. Mtoto aliyechunga ng'ombe hata jioni, akalala kwa uji mwepesi mwaka wa ukame, atalinganishwaje na mwenye taa, vitabu na chakula cha kutosha? Tena ifikirini Buigiri, ambako Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1950. Mwalimu amfundishaye mtoto asiyeona kusoma kwa vidole vyake, ni kwa wastani gani wa alama tutapima kazi yake?

Wakristo tunajua mfano wa talanta. Mtumwa aliyepewa mbili akaleta mbili nyingine alisifiwa sawasawa na yule aliyeleta tano. Bwana hakuangalia jumla tu. Aliangalia kila mmoja alianza na nini.

Dunia nayo yaanza kulifahamu jambo hili. Mwezi wa Machi mwaka 2019, huko Dubai, tuzo ya dola milioni moja alipewa Bruda Peter Tabichi, Mfransisko wa Kenya, mwalimu wa shule ya sekondari ya Keriko katika kijiji cha Pwani, wilayani Njoro. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, na karibu theluthi moja ya wanafunzi wake walikuwa yatima au wa mzazi mmoja. Naye alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa maskini.

Basi ndugu zangu, tusingoje Dubai wala Dodoma mjini. Kila kijiji chaweza kutoa tuzo ya haki. Mwanzo wa mwaka, kamati ya shule iandike ni watoto wangapi wameingia bila kujua herufi moja. Mwisho wa mwaka, watoto hao hao wasome mbele ya wazazi. Kisha aitwe mwalimu wao, aitwe na mpishi aliyepika uji wakati wa njaa, na mlinzi aliyetunza madawati usiku, wapewe shukrani kwa majina yao mbele ya watu wote. Na ikiwa twampa mwalimu kuku au debe la mtama, tumpe pia chaki, na paa lisilovuja.