Mgombea wa Bunge la Jimbo Apimwe kwa Nini? Hoja kutoka Minnesota

Agosti 2016 Ilhan Omar alishinda kura za mchujo za DFL, jina wanalolitumia Wademokrat wa Minnesota, katika wilaya ya uchaguzi ya 60B jijini Minneapolis. Aliwashinda Mohamud Noor na Phyllis Kahn, mbunge aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Novemba akawa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kuchaguliwa katika bunge la jimbo. Mengi yaliyoandikwa juu ya ushindi huo yalihusu yeye ni nani: mkimbizi aliyepitia kambini nchini Kenya, Mwislamu, mama wa watoto. Misimamo yake ya kisera iliguswa juujuu, na ni nadra mtu kuuliza kiti alichokigombea kina uwezo gani juu ya misimamo hiyo. Naona swali hilo ndilo lilipaswa kutangulia. Msimamo wa mgombea wa bunge la jimbo hauwezi kupimwa mpaka ijulikane jambo lenyewe limo mikononi mwa nani, jiji, jimbo au serikali kuu, na kura za kulipitisha zitapatikana wapi.

Tuchukue kima cha chini cha mshahara. Omar aliunga mkono dola 15 kwa saa. Mtu angeweza kudhani kwamba hilo ni suala la jiji lake, kwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Minneapolis ilikuwa ikilijadili, na Mei 2016 ilikuwa imekwisha kupitisha kanuni ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Lakini katika katiba ya Marekani jiji halina mamlaka yake yenyewe. Linayapata kwa jimbo, na jimbo likitaka linaweza kuyanyang'anya. Mwaka 2017, Warepublican wakiwa na wingi katika mabaraza yote mawili ya Minnesota, bunge lilipitisha muswada wa kuyazuia majiji kujiwekea kima cha mshahara na masharti ya likizo. Gavana Mark Dayton aliukataa kwa kura ya turufu mwishoni mwa Mei. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Juni, Minneapolis ikapitisha dola 15.

Tazama hapo mbunge wa 60B alikuwa na kazi gani. Ndani ya bunge, chama chake kikiwa kwenye wachache, hakuwa na njia ya kupandisha mshahara wa mtu hata mmoja. Alichoweza ni kuyatetea mamlaka ya jiji na kupiga kura ya kupinga muswada. Mgombea aliyesema tu "naunga mkono dola 15" hakumwambia mpigakura lolote juu ya pambano hilo. Aliyesema kwamba atalilinda jiji lisifungwe mikono na jimbo ndiye aliyekuwa akiizungumzia kazi anayoiomba. Wasomaji wa Kenya hawatashangaa: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shule za chekechea na kuiachia serikali ya kitaifa shule za msingi, na bado wagombea wa mabunge ya kaunti huahidi walimu wa shule za msingi.

Kuna wanaosema kwamba ikiwa hesabu ya kura ndiyo inayoamua, misimamo ya mtu mmoja mmoja ni mapambo, na mpigakura amalizane na chama. Hoja hii ina nguvu, na katika wilaya kama 60B, ambako DFL ina uhakika wa kushinda, ni rahisi kuiamini. Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina viti 134, kila mbunge akiwakilisha watu wasiozidi elfu arobaini na chache; mmoja kati ya 134 atafanya nini?

Nadhani historia ya bunge hilohilo inaijibu. Uchaguzi wa 2022 uliipa DFL mabaraza yote mawili, ila katika Seneti ilikuwa na kura 34 dhidi ya 33. Kwa wingi huo wa kura moja, mwaka 2023 yakapita mambo yaliyokuwa yamesemwa kwenye kampeni kwa miaka: chakula cha bure kwa wanafunzi wote shuleni, leseni za udereva bila kujali hati za uhamiaji, elimu ya chuo cha umma bila ada kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000, na likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa jimbo zima. Seneta mmoja tu wa DFL angesita, baadhi ya miswada hiyo ingekwama. Ile likizo ambayo mwaka 2017 bunge lilitaka kuipokonya Minneapolis ikawa haki ya karibu kila mfanyakazi wa Minnesota kuanzia Januari 2024. Waliokuwa na msimamo huo wakati hauna faida ndio waliokuwa na muswada tayari ulipopata faida.

Hesabu ikibana zaidi, msimamo wa mtu mmoja unazidi kuwa mzito. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulileta sare katika Baraza la Wawakilishi: 67 kwa 67. Humo alikuwamo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuchaguliwa katika bunge hilo, kutoka viunga vya kaskazini-magharibi mwa Minneapolis. Nchini Kenya alishangiliwa, na alistahili. Ila shangwe hazikugusa jambo lililokuwa likiwasubiri wahamiaji wa viunga hivyo. Sheria ya 2023 ilikuwa imeufungua mpango wa bima ya afya wa MinnesotaCare kwa wahamiaji wasio na hati, kuanzia Januari 2025. Mwaka 2025 Warepublican waliweka kuondolewa kwa watu wazima katika mpango huo kuwa sharti la bajeti, watoto wangebaki. Muswada ulipita Juni katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 68 dhidi ya 65. Mwakilishi pekee wa DFL aliyeuunga mkono alikuwa kiongozi wao, Melissa Hortman, aliyekuwa ameisimamia sheria ya 2023 akiwa Spika. Bila bajeti, sehemu ya serikali ya jimbo ingefungwa kuanzia Julai. Siku tano baada ya kura hiyo, yeye na mumewe waliuawa nyumbani kwao Brooklyn Park, kimojawapo cha viunga hivyo vya Minneapolis.

Sioni usaliti katika kura ile. Naona kazi halisi ya mbunge wa jimbo: kuchagua, kati ya mambo mawili anayoyaamini, lipi liumie. Orodha ya misimamo katika kipeperushi cha kampeni haimwandai mpigakura kwa hilo, kwa kuwa kila kitu humo kimeandikwa kana kwamba vyote vinaweza kupatikana kwa pamoja. Viti vyote 201 vya bunge la Minnesota vimepangwa kupigiwa kura Novemba 2026. Mhamiaji wa Brooklyn Park mwenye haki ya kupiga kura, awe ametoka Kisii, Bukavu au Mogadishu, ana haki ya kumuuliza mgombea anayebisha hodi mlangoni kwake: mkifungana tena 67 kwa 67, na bajeti inasubiri kura yako, ni lipi kati ya haya uliyoniandikia utakaloliachia?