Tundu Lisilofika Nusu Milimita

Kuna mashindano ya pikipiki ambayo mshindi wake si aliyetangulia kufika. Waingereza huyaita trial. Mpandaji hupita polepole juu ya mawe, ndani ya vijito na kwenye miinuko ya utelezi, na waamuzi humtazama miguu. Akigusa chini mara moja, amehesabiwa kosa moja. Pikipiki ikikwama, makosa 5. Mwenye makosa machache ndiye bingwa. Yenye sifa kubwa kuliko yote ni ya Uskoti, ya siku sita, katika milima iliyo jirani na Fort William.

Kwa miongo mingi mchezo huu ulikuwa wa pikipiki za Uingereza zenye injini za mipigo minne: Ariel, BSA, AJS, Matchless. Zilikuwa nzito, zikivuta kwa utulivu wa trekta. Sammy Miller wa Belfast alishinda Uskoti mwaka 1962 na 1964 akiwa na Ariel ya 500, yenye namba GOV 132, ambayo wapenzi wa mchezo wanaijua kama wengine wanavyojua namba ya jezi. Kisha, mwishoni mwa 1964, akahamia Bultaco ya Barcelona.

Bultaco ilikuwa changa. Francesc Xavier Bultó aliianzisha mwaka 1958 baada ya kutofautiana na wenzake wa Montesa, waliotaka kujitoa kwenye mbio. Injini zake zilikuwa za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Miller alikwenda huko, akakaa siku chache akijaribu na kurekebisha vilimani pamoja na mafundi, na ikazaliwa Sherpa T, sisi 244, isiyofika kilo 100. Mwaka 1965 akashinda nayo Uskoti. Akarudia 1967 na 1968.

Wanaosimulia habari hii husema siri ilikuwa wepesi. Ni kweli, lakini wepesi peke yake haukwei mwamba. Injini ya mipigo miwili ya wakati ule ilijulikana kwa kupiga kelele juu na kuzimika chini, na mchezo huu unachezewa chini. Jeti kuu ya kabureta, ile ambayo vijana hukimbilia kubadilisha, hufanya kazi mkono ukiwa umefunguka karibu wote. Katikati ni kazi ya sindano. Lakini mpandaji wa Uskoti, saa nzima, hafungui hata robo. Anaishi kwenye jeti ndogo ya silensa na ule mkato wa chini ya slaidi, yaani kwenye tundu lisilofika nusu milimita. Ndiyo maana naamini kwamba historia ya ushindi wa 1965 imeandikwa zaidi ndani ya kabureta kuliko kwenye mizani.

Ninakoishi, kaskazini mwa Uingereza, ninayo Sherpa T ya katikati ya miaka ya 1970. Ukiifungua, unaifungua Hispania ya Franco. Nchi ilikuwa imebana uagizaji wa bidhaa za nje, hivyo kila kitu kilibidi kitengenezwe humo humo: umeme wa Femsa, shokapu za Betor, rimu za Akront. Hata kabureta, Amal, ni mchoro wa Kiingereza uliotengenezwa Hispania kwa leseni. Bakuli lake la petroli limekaa moja kwa moja chini ya jeti. Katika Amal za kabla ya 1967 bakuli lilikuwa ubavuni, na pikipiki ikiinama sana, kina cha petroli kwenye jeti kinapanda au kushuka. Kwa mtu anayepanda ukuta wa mawe, hilo si jambo dogo.

Pikipiki yangu ilianza ugonjwa. Asubuhi inawaka kwa kiki mbili. Ikishapata moto, haishiki silensa: unaachia mafuta, yenyewe inapanda na kulia kama imepagawa. Nikatoa plagi, ilikuwa nyeupe kama majivu. Weupe huo maana yake hewa nyingi, petroli kidogo.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa jeti ndogo. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo huvuta unyevu ikikaa. Kipimo ni rahisi: zungusha skrubu ya hewa injini ikiwa inanguruma. Isipobadilika mlio, njia imeziba. Yangu ilibadilika kidogo sana. Nikaifungua, nikakuta uchafu wa kijani, nikasafisha na kupuliza. Skrubu ikaanza kusikika vizuri. Ugonjwa ukabaki.

Hapa fundi wa bodaboda, aliyezoea mipigo minne, angeendelea kuikazia macho kabureta. Lakini katika mipigo miwili mchanganyiko hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, chini, kabla ya kupanda juu ya pistoni. Sili za krenki, basi, nazo ni sehemu ya kabureta. Ya upande wa giaboksi ikichoka, injini hunywa oili ya giaboksi na moshi unakuwa mzito wenye harufu. Ya upande wa umeme ikichoka, hunywa hewa tupu. Nikaziba mdomo wa ekzosti na ule wa kabureta, nikatia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, nikapaka povu la sabuni. Mapovu yakachomoza nyuma ya gurudumu la umeme. Mpira wa sili ulikuwa mgumu kama ukucha.

Wengi, kabla ya kufika hapo, huitupa Amal na kufunga kabureta mpya ya Kijapani. Siwalaumu, inawaka vizuri zaidi, na anayetaka kushindana Jumapili ana haki yake. Ila kabureta mpya ingeongezwa petroli kidogo na kuuficha ugonjwa hadi pistoni iungue. Tena ingekuwa imefuta ukurasa: Mwingereza aliyechora, Mhispania aliyechonga, mtu wa Belfast aliyewashinda Waingereza kwa pikipiki ya Barcelona.

Ukurasa wenyewe ni mfupi. Michuano ya dunia ilianza 1975, na hadi 1979 kila bingwa alikuwa juu ya Bultaco: Martin Lampkin, Yrjö Vesterinen mara tatu, kisha Bernie Schreiber. Mwaka huo huo wa 1979 migogoro ya wafanyakazi na madeni ilisimamisha kiwanda. Kikafunguliwa tena, kikafungwa kabisa mwaka 1983.

Sili mpya niliyofunga haikutoka Barcelona. Pikipiki sasa inashika silensa hata ikiwa moto. Sili ya upande wa giaboksi bado ni ile ya zamani, na kila nikiizima nanusa moshi kwanza.