Namba Tisa Mgongoni

Mwaka juzi nilipoteza hela ya kumlipa mchapaji sura tatu za riwaya yangu, kisa mabeki wanne. Usicheke, msomaji. Pale kijiweni tuko vijana tisa na kila mmoja anapanga timu yake kwenye simu, ile Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza. Sheria ya kupanga ni fupi: kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu, mshambuliaji walau mmoja, mengine utajua mwenyewe. Mimi nikang'ang'ania 4-4-2 hadi wiki ya mwisho. Kwa nini? Nilizoea, basi. Mabeki wote wanne wakafungwa, nikala wa chuya kwa uvivu wa kuchagua.

Ndipo nikaanza kusaka hii mifumo ilikotoka.

Hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu mbele yake ili asihesabiwe ameotea. Mwaka ule wakapunguzwa wakawa wawili, magoli yakamiminika. Oktoba, Arsenal wakachapwa 7-0 na Newcastle. Mchezaji wao Charlie Buchan akamshikilia kocha Herbert Chapman: mrudishe sentahafu nyuma, asimame katikati ya mabeki wawili. Huyo ndiye beki wa tatu. Mfumo ukaja kuitwa WM, kwa jinsi wachezaji walivyosimama uwanjani, na Waingereza wakaushika kama msahafu.

Sasa sikia yaliyowakuta Wembley, tarehe 25 Novemba 1953. Hungaria wanakuja na Nándor Hidegkuti, namba tisa mgongoni. Kwa Mwingereza namba tisa ni mtu wa kukaa mbele, na kumkaba ni kazi ya sentahafu Harry Johnston. Lakini jamaa hakai mbele! Anashuka kiungoni. Johnston akimfuata anaacha shimo nyuma. Asipomfuata, jamaa yuko peke yake na mpira. Hidegkuti akatupia matatu, Hungaria 6, Uingereza 3. Mei 1954 wakarudiana Budapest, ikawa 7-1.

Nimepiga hesabu (haya ndiyo yananikosesha usingizi badala ya kuandika). Kwenye mchezo wetu wa simu goli la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Hidegkuti akiandikishwa mshambuliaji, kama jezi yake inavyosema, magoli yale ni pointi 12. Akiandikishwa kiungo, ni 15. Mimi nilishindwa kwa pointi mbili, bwana! Mshkaji aliyebeba hela zangu alijaza viungo watano, na wawili kati yao kila mechi walikuwa wanashinda kwenye boksi la mpinzani. Yeye alikuwa anatazama mpira. Mimi nilikuwa nasoma orodha.

Beki wa kulia wa Uingereza siku ile ya 6-3 alikuwa Alf Ramsey. Hata penalti alifunga. Mwaka 1966, akiwa kocha, aliwaweka mawinga benchi akatwaa Kombe la Dunia.

Sura zangu bado ziko kwenye daftari, kwa mkono. Msimu huu nimeanza na 3-5-2, na nimeweka hela ya nauli tu.